Kuchagua mafuta ya harufu kwa mshumaa wa kutuliza: anza na nta na moto, pua ije baadae

Nusa mafuta kwenye chupa, alafu nusa hayohayo kwenye mshumaa unaowaka, mara nyingi utadhani umeuziwa kitu kingine. Lavenda iliyokuwa tamu inageuka na kunuka dawa ya kuchua, chungwa linapotea lote, na vanila iliyokuwa imejificha nyuma inajaza chumba kizima. Ndo maana mtu ananunua chupa imeandikwa "kutuliza" kwa herufi kubwa, anafanya kila kitu vizuri, na bado mshumaa wake hautulizi mtu. Lebo haijui unatumia nta gani, utambi gani, wala chumba chako kina ukubwa gani. Kwahiyo mpangilio ninaouamini mimi ni huu: kwanza jua mshumaa utawaka wapi na umetengenezwa kwa nta gani, pili jua mafuta yanafanya nini yakikutana na joto, tatu ndo unusa, na yale maneno matamu ya kwenye lebo yaje mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Fikiria chumba na watu waliomo

Mshumaa wa kando ya kitanda hauhitaji nguvu sawa na wa sebuleni. Wengi wanapima ubora wa mshumaa kwa ukali wa harufu, ila kwa mshumaa wa kutuliza mambo yako kinyume, harufu ikikukaba kichwa kinaanza kuuma na hapo utulivu umeshakimbia. Chumba kidogo kinachofungwa lenga mafuta asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa nta. Sebule kubwa inayopitisha hewa unaweza kupanda mpaka 8 hivi kama nta yako inakubali.

Alafu angalia nani anaishi humo ndani. Kama kuna paka, kuwa makini sana, ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuvunjavunja kemikali nyingi zilizomo kwenye mafuta ya mimea, kwahiyo titrii (mti wa chai wa Australia), mkaratusi, minti, karafuu, mdalasini na mafuta ya jamii ya machungwa ni ya kukaa mbali nayo. Mbwa nao titrii inawadhuru. Kwa mtoto mchanga na mtoto mdogo epuka mkaratusi na minti kwa sababu kemikali za sineoli na mentoli zilizomo zinaweza kumbana pumzi. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu yoyote ile, iwe ya asili iwe ya kutengenezwa, na mjamzito ni bora aulize kwanza kwa daktari wake. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo, kiukweli mshumaa usio na harufu kabisa nao unatuliza, mwanga wake tu unafanya kazi kubwa, usione kama ni mshumaa nusu.

Hatua ya 2: Ijue nta yako kabla hujanunua chupa hata moja

Nta ya soya inayeyuka kwenye nyuzi 50 za Selsiasi hivi, inategemea na aina, na nyingi zinabeba mafuta asilimia 6 hadi 10. Ni nta nzuri ila inatoa harufu taratibu, inataka ikae wiki moja mpaka mbili kabla ya kuwashwa, na harufu nyepesi zinapata shida kutoka humo. Nta ya parafini yenyewe inarusha harufu haraka na kwa nguvu, kwahiyo kiasi kidogo kinatosha na siku tatu nne za kusubiri zinatosha pia. Nta ya nazi ni laini sana, karibu mara zote utaikuta imeshachanganywa na soya au nta nyingine.

Nta ya nyuki ni habari nyingine. Inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64, ina harufu yake ya asali ambayo haiondoki, na haipendi kubebeshwa mafuta mengi, asilimia 3 hadi 5 imetosha. Ukiiwekea kamomili asali inaimeza na hutaisikia tena. Kwa nta ya nyuki chagua harufu inayoelewana na asali, mfano mwerezi, sandali, ubani au lavenda, na usipambane na ile asali, ichukulie kama mojawapo ya harufu zako.

Angalia kwenye pakiti ya nta mtengenezaji kaandika kiwango cha juu cha mafuta ni ngapi, na usikipite hata ukishawishika vipi. Ukizidisha, nta inashindwa kuyashika mafuta, mshumaa unatoka jasho: vitone vidogo vinang'aa juu, na ukiupindua unakuta chini kuna kidimbwi cha mafuta matupu. Mafuta hayo yakifika kwenye utambi moto unaruka juu ghafla, hapo sio mambo ya harufu tena.

Hatua ya 3: Mafuta tete au mafuta ya manukato?

Mafuta tete ni yale yaliyotolewa kwenye mmea wenyewe, mengi kwa mvuke, na yale ya maganda ya machungwa na malimau kwa kukamuliwa. Mafuta ya manukato yanachanganywa na wataalamu wa harufu, ndani yake kuna molekuli za kutengenezwa maabara na mara nyingine mafuta tete kidogo pia. Ugomvi wa ipi ni bora hauishi, kwasababu watu wanabishania asili wakati swali la mshumaa ni nini kinaweza kuishi ndani ya nta ya moto.

Mafuta tete ni mchanganyiko wa kemikali nyingi na kila moja inaruka kwa kasi yake. Nyepesi zinaondoka mapema, zingine ukiwa bado unakoroga kwenye jagi, na nzito zinabaki nyuma. Kwahiyo harufu unayoipata mwishoni ni sehemu tu ya ile uliyoinusa kwenye chupa. Manukato ya mishumaa yametungwa kwa kuzingatia joto, mtungaji kachagua molekuli zinazovumilia, ndo maana yanajaza chumba kirahisi na chupa ya leo inafanana na ya mwezi ujao. Mafuta tete hayana uhakika huo, mavuno yanabadilika, mvua zinabadilika, na harufu nayo inabadilika.

Na hili la "asili ni salama" naomba tuliweke sawa. Mdalasini ni asili na unaunguza ngozi. Titrii ni asili na inampeleka paka hospitali. Kwa upande mwingine, "ya kutengenezwa" haimaanishi sumu, inategemea kuna nini ndani na kiasi gani. Unachotakiwa kuuliza ni karatasi zake, tutazifikia hatua inayofuata.

Je yanatuliza kweli? Harufu inafika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, hilo linajulikana vizuri, na lavenda imefanyiwa tafiti nyingi. Ila tafiti nyingi za lavenda zilitumia vidonge vya kumeza au kunusa mafuta moja kwa moja, sio mshumaa, kwahiyo usimwambie mtu kwamba mshumaa wako unatibu wasiwasi au kukosa usingizi. Unachoweza kumpa ni chumba kinachonukia vizuri na muda wa kukaa kimya, na hicho sio kidogo. Na kwa sababu harufu imefungwa na kumbukumbu, harufu inayomtuliza mwenzako inaweza isikutulize wewe. Kama lavenda inakukumbusha wodi ya hospitali, iache tu, hakuna sheria inayosema lazima iwe lavenda.

Ushauri wangu: unataka mshumaa wa kujaza sebule, chukua manukato yaliyoandikwa wazi kwamba ni ya mishumaa. Unataka mshumaa mdogo wa karibu, wa kuoga au kusoma, harufu laini isiyojitangaza, mafuta tete yanakufaa sana. Na ukitaka vyote viwili changanya, weka manukato ya sandali au miski laini yawe msingi alafu lavenda halisi juu yake. Huo mchanganyiko ndo ninaoupenda kuliko yote, sandali inaishika lavenda isikimbie haraka na lavenda inaipa sandali uhai. Jumla ya mafuta yote mawili ndo inahesabiwa kwenye asilimia, sio kila moja peke yake.

Kuna vitu haviingii kwenye mshumaa hata kama vinanukia vizuri namna gani. Pafyumu ya mwilini ina alkoholi, haichanganyiki na nta na inashika moto. Manukato ya maji, yale ya mashine za kutoa mvuke, yanajitenga na nta na utambi unaanza kupasukapasuka. Mafuta tete yaliyozimuliwa na mafuta ya lozi, jojoba au nazi kwa ajili ya kupaka yanaziba utambi, na harufu yenyewe inakuwa kidogo mno. Njia rahisi ya kujua: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uliache mpaka kesho. Mafuta tete mengi yanaruka na kuacha alama hafifu au hakuna kabisa, yaliyozimuliwa yanaacha doa la grisi linalopitisha mwanga. (Yale mazito kama ya mizizi ya vetiva, mbao za sandali na majani ya pachuli yanaweza kuacha doa hata yakiwa safi, usiyahukumu kwa kipimo hiki.)

Hatua ya 4: Soma chupa, alafu dai karatasi

Chupa ya mafuta tete ya maana inaandika jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika na nchi yalikotoka. Jina la kisayansi ndo linakuokoa kwenye lavenda. Lavandula angustifolia ndo lavenda ile laini, yenye linaloli na asetati ya linalili kwa wingi, kemikali zinazoipa ile harufu tamu. Lavandula x intermedia ni chotara, ina mafuta mengi kwa hiyo inauzwa rahisi, ila ina kafuri nyingi zaidi na kwenye moto ile kafuri inajitokeza mbele, ndo ile harufu ya dawa ya kuchua niliyoitaja mwanzo. Zote mbili zinauzwa kwa jina la "lavenda" tu. Kamomili nazo ni mbili, Chamaemelum nobile inanukia matunda matamu, Matricaria chamomilla ni ya bluu iliyokolea na harufu yake ni nzito ya majani, usishtuke ukiona rangi.

Chupa imeandikwa mafuta tete ya stroberi, ya tufaha, ya upepo wa bahari? Hayo ni manukato, hakuna mafuta tete ya vitu hivyo. Sio lazima yawe mabaya, ila muuzaji hajasema ukweli, na asiyesema ukweli kwenye jina sijui kwanini umuamini kwenye mengine. Waridi na yasmini halisi vilevile, ukiikuta chupa kubwa kwa hela kidogo achana nayo. Kilo moja ya mafuta ya waridi inakula tani kadhaa za petali, haiwezekani ikawa rahisi.

Kwa manukato, muombe muuzaji vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha IFRA, lile shirika la kimataifa la manukato lililoanzishwa 1973, ambalo linaweka viwango vya usalama kwa kila aina ya bidhaa. Mishumaa iko Kundi la 12. Hapo mara nyingi utakuta namba kubwa, hata 100, na watu wanaisoma vibaya wakidhani wanaruhusiwa kumimina watakavyo. Ile namba inahusu usalama wa manukato kwa mtumiaji, haijui lolote kuhusu nta yako, kiwango cha kufuata ni kile cha pakiti ya nta. Cha pili ni karatasi ya data za usalama, humo utakuta vizio vilivyomo (vitu vinavyoweza kuleta mzio), namna ya kuhifadhi, na flashi pointi. Muuzaji akianza kuzungusha maneno ukiomba hizi karatasi, tafuta mwingine.

Flashi pointi inawatesa watu bure. Ni kiwango cha joto ambacho mvuke wa mafuta unaweza kushika moto ukikutana na cheche au mwali. Haimaanishi kwamba mafuta yatalipuka ukiyatia kwenye nta yenye joto zaidi ya hapo, na haimaanishi harufu inakufa palepale. Inachokuambia ni kwamba pasiwe na moto wa wazi karibu. Tumia jiko la umeme na sufuria ndani ya sufuria ya maji, ondoa nta jikoni kabisa, ndo utie mafuta. Chungwa na limau ziko karibu nyuzi 50, ubani unaweza kuwa chini ya hapo, lavenda iko kwenye 70 hivi, mwerezi, pachuli na vetiva ziko juu zaidi ya 90. Angalia namba ya chupa yako mwenyewe kwa sababu zinapishana.

Kwenye manukato angalia pia kiasi cha vanilini. Vanilini inageuza nta rangi ya kahawia kadri siku zinavyokwenda na haizuiliki kirahisi, na ikiwa nyingi inachafua utambi. Ulitaka mshumaa mweupe kabisa basi usichague vanila, au ukubali rangi hiyo tangu mwanzo na uchague chombo kinachoendana nayo.

Hatua ya 5: Harufu zenyewe zinavyofanya kwenye moto

Lavenda ni ya katikati, haikimbii sana haibaki sana. Peke yake kwenye soya inatoka kwa upole mno, ipe kitu kizito chini yake. Mwerezi ndo rafiki yake mkubwa, unanukia mbao kavu, unavumilia joto na hauna makuu. Vetiva inanukia udongo na mizizi, nzito haswa, ni tulivu kupita zote kwa maoni yangu ila weka kidogo sana, ikizidi inafunika kila kitu na chumba kinanuka stoo. Sandali ni krimu, laini, inakaa muda mrefu, lakini ile halisi ni ghali mno na inachakachuliwa sana, kwahiyo hapa mimi nachagua manukato ya sandali bila kusita.

Langilangi ina utamu mzito wa maua, wengine inawalegeza mabega dakika hiyohiyo na wengine inawaumiza kichwa. Isizidi moja ya kumi ya mchanganyiko wako mpaka ujue wewe uko upande gani. Ubani unasafisha hewa kwa hisia, unanukia utomvu wenye ulimau kidogo, ule ulimau unaondoka kwenye joto na utomvu unabaki, bado ni mzuri. Kamomili halisi ni ghali na inapotea kwenye nta, ipate kwenye manukato.

Bagamoti (tunda la jamii ya machungwa) na chungwa tamu zinafurahisha kwenye chupa ila ndo za kwanza kuruka. Zitumie kwa ajili ya mshumaa unavyonukia ukiwa haujawashwa, ule mvuto wa kwanza mtu akifungua kifuniko, lakini usizitegemee kubeba mshumaa unaowaka. Ukitaka harufu ya namna hiyo idumu chagua manukato, au mchaichai kwa kiasi kidogo sana maana una nguvu na unaamsha zaidi kuliko kulaza. Minti, mkaratusi, mdalasini na karafuu zinachangamsha, ziache kwa mishumaa mingine.

Hatua ya 6: Nusa kwa vijiti kabla hujayeyusha chochote

Hapa ndo pua inaingia. Chukua vijiti vya pamba vya masikio, chovya kila kimoja kwenye mafuta yake, alafu viweke kwenye kikopo cha kioo chenye kifuniko. Unataka kujua lavenda na mwerezi vinapendana vipi? Weka vijiti vitatu vya lavenda na kimoja cha mwerezi, funga, rudi baada ya robo saa ufungue kwa mbali, usiingize pua ndani. Ukiona mwerezi umepotea ongeza kijiti cha pili. Hesabu ya vijiti ndo uwiano wako, tatu kwa mbili, nne kwa moja, unaandika kwenye daftari. Hujapoteza nta, hujapoteza muda.

Alafu usiamue siku hiyohiyo. Vitoe vijiti uviache wazi kwenye sahani usiku mzima na unuse asubuhi, kinachonukia asubuhi ndo kiko karibu zaidi na kitakachobaki kwenye mshumaa, kwasababu nyepesi zimeshaondoka. Pua inachoka haraka, ukishanusa harufu tatu nne toka nje kidogo au nusa kitambaa cha nguo yako mwenyewe ndo uendelee. Na mpe mwingine anuse bila kumwambia ni nini, muulize tu anajisikiaje. Akisema "inanikumbusha dawa" umepata jibu.

Hatua ya 7: Pima kwa uzito, sio kwa matone

Matone yanadanganya, tone la vetiva na tone la chungwa hayana uzito sawa na vidondoshi navyo vinatofautiana. Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: uzito wa nta mara asilimia. Kikopo kinachojazwa nta gramu 180, kwa asilimia 6, kinataka mafuta gramu 10.8. Mchanganyiko wangu wa kulalia kwa kikopo hicho: lavenda gramu 6, mwerezi gramu 3, bagamoti gramu 1.8. Ukitaka uwe na uzito zaidi toa ile bagamoti na uweke manukato ya sandali mahali pake.

Changanya mafuta kwanza yenyewe kwenye kikombe kidogo cha kioo, usitumie vile vikombe vyepesi vya plastiki maana kuna plastiki zinayeyushwa na mafuta haya. Vaa glavu, mafuta tete hayagusi ngozi yakiwa matupu. Kwa majaribio ya mwanzo usitengeneze kikopo kizima, nta gramu 50 na mafuta gramu 3 inakupa mshumaa mdogo wa kujifunzia.

Hatua ya 8: Joto la kutia mafuta

Fuata pakiti ya nta kwanza. Kama haisemi, soya nyingi zinapokea mafuta vizuri kati ya nyuzi 65 na 80 hivi. Manukato yanakubali juu, mafuta tete mepesi yapeleke chini, muhimu nta iwe bado maji kabisa, isiwe imeanza kuweka ukungu pembeni ya jagi. Ikishapoa sana mafuta hayashikani nayo. Tumia kipima joto, usikisie kwa macho.

Ukitia, koroga taratibu kwa dakika mbili kamili, ukizungusha na kufagia chini na pembeni. Dakika mbili ni ndefu kuliko unavyodhani, weka saa. Kukoroga haraka kunaingiza hewa na mapovu, kukoroga kidogo kunaacha mafuta chini. Nta ikishika moto kwa bahati mbaya funika kwa mfuniko na uzime jiko, kamwe usimwage maji.

Hatua ya 9: Subiri, washa, ndo uamue

Mshumaa wa soya uache wiki mbili ukiwa umefunikwa, sehemu isiyo na jua. Ukiwasha siku ya pili ukasema mafuta ni mabovu unayaonea, harufu bado haijakaa. Siku ya kuwasha kata utambi ubaki milimita 5 au 6, funga dirisha, washa, alafu toka chumbani. Usikae hapohapo kwasababu pua yako itazoea na utadhani mshumaa haunukii. Rudi baada ya nusu saa, ingia mlangoni, pumzi ya kwanza unayovuta ndo jibu. Ni laini? Inakukaribisha au inakusukuma? Rudia tena uso wote wa nta ukishayeyuka, kadiria saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana wa kikopo, na usizidishe saa nne kwa mara moja.

Kabla hujayalaumu mafuta angalia utambi. Nta ikiyeyuka katikati tu na kuacha ukuta pembeni, utambi ni mdogo, na harufu haitoki kwa sababu kidimbwi ni kidogo, sio kwa sababu ya mafuta. Mwali ukiwa mrefu, unacheza na kutoa masizi, utambi ni mkubwa na unaichoma harufu yenyewe. Mafuta mazito kama vetiva na yale ya vanila mara nyingi yanataka utambi saizi moja juu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha utambi na mafuta na asilimia kwa pamoja hutajua nini kilisaidia. Na mshumaa wa kulalia unazimwa kabla ya kulala, siku zote.

Kutunza mafuta yako

Chupa nyeusi au ya kahawia, kifuniko kimekazwa, mbali na jua na jiko. Yale ya machungwa na limau yanaharibika mapema, yatumie ndani ya mwaka, yakioza yananuka rangi ya kupaka ukuta na yanaweza kuwasha ngozi. Lavenda inaenda mbele zaidi kidogo. Pachuli, vetiva na sandali zinakaa miaka na harufu inazidi kunoga. Andika tarehe uliyofungua kwenye kila chupa, na kwenye kila mshumaa bandika kikaratasi chini: nta gani, mafuta gani na gramu ngapi, utambi namba ngapi. Chupa mpya ya mafuta tete ikifika, hata kama ni ya muuzaji yuleyule, tengeneza kwanza ule mshumaa wa gramu 50 ulinganishe na wa zamani ndo uendelee na vikopo vikubwa.